Nafasi ya Kirimi

Kabla hujaniambia kwamba nilikuwa nimechoka na barabara, ngoja kwanza. Wengi wameniambia hivyo. Pasta ameniambia, binti yangu ameniambia, hata daktari wa macho, niliyemwendea kwa sababu ya miwani tu, naye akaniambia. Nilikuwa nimelala vizuri Embu kwa rafiki yangu, nimekunywa chai na mkate, na ilikuwa saa sita mchana jua likiwaka. Sikuwa na homa. Pombe sijui hata ladha yake. Nilichokiona nilikiona kwa macho haya mawili, na kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu tuendelee.

Mimi ni mtu wa Kibirichia, kule juu kwenye baridi. Nimelima viazi na nimebeba viazi. Mume wangu alipofariki aliniachia pikapu kuukuu, na kila mtu akangoja niiuze. Nikajifunza kuiendesha. Kwa miaka mingi nilishusha viazi Meru, Embu, mpaka Nairobi, mimi mwenyewe kwenye usukani, na wanaume wa sokoni wakaniita Mama Pikapu mpaka wakachoka wenyewe. Nakuambia hivi ili ujue barabara hainitishi.

Ndugu yangu mdogo aliitwa Kirimi. Alikuwa fundi wa magari, na kazi ikamvuta kusini, nchi baada ya nchi, mpaka akafika Zimbabwe, kwenye shamba moja la tumbaku karibu na mji wa Karoi. Alikaa huko miaka tisa. Kila Krismasi aliandika kwamba mwaka ujao atakuja. Halafu ikaja barua ya mwandiko mwingine. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya ile mvua ya El Niño. Mwenzake wa kazi alituandikia kwamba Kirimi aliugua kifua, akafa, na wamemzika huko huko. Barua yenyewe ilikuwa imekaa njiani wiki sita. Chini kabisa alikuwa ameongeza kwamba Kirimi ameacha mbwa, na huyo mbwa analala juu ya kaburi na hataki kula.

Mama aliposomewa hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema karatasi si mtu, Kirimi hajafa. Akaketi kwenye kiti chake karibu na moto, akakataa chakula. Tulimbembeleza kwa uji, akameza vijiko viwili, vitatu, akageuza uso. Alikuwa anakauka tukimwona. Siku moja akanishika mkono, akaniambia, "Niletee huyo mbwa. Alikuwa naye mpaka mwisho. Nikimshika nitajua kama mwanangu yuko au hayuko."

Mjomba wetu anakaa Ruiri, ana ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Aliposikia alicheka mpaka akakohoa. "Nchi nne kwa sababu ya mbwa! Kwani Ruiri tumekosa mbwa? Nitakupa watatu leo, bure."

"Mjomba, hao wako hawamjui Kirimi."

"Na ukikwama huko?"

"Nitakwamuka."

Nikaweka turubai, jerikeni mbili, gurudumu la akiba na Biblia. Binti yangu Kendi akabaki na mama na kijiko cha uji. Nikaondoka.

Safari ya kwenda sitakusimulia, haikuwa na ajabu ila vumbi. Namanga, Arusha, Iringa, Mbeya, kisha Zambia ambayo nilidhani haina mwisho, kisha ule mteremko wa kushuka mto Zambezi. Nilikuwa na sheria moja tu: jua likizama, nazima gari. Kiswahili kilinifikisha hadi mpaka wa Zambia, na kutoka hapo Kiingereza changu cha darasa la saba kikafanya kazi iliyobaki.

Yule mbwa nilimkuta pale pale barua iliposema. Jike la rangi ya udongo, si mkubwa, sikio moja limechanika. Nikawauliza wafanyakazi wa shamba anaitwa nani. Wakaniambia, "Waru." Hapo machozi yakanitoka nikashindwa kuyazuia. Waru ndiyo viazi kwetu. Mtu wa Kibirichia, miaka tisa mbali na nyumbani, anamwita mbwa wake viazi! Nikaketi chini kando ya lile kaburi, nikamwambia kwa Kimeru, "Waru, twende kwa mama." Akainua kichwa. Alikuwa amelelewa kwa Kimeru, wale wengine walikuwa wakimsemesha Kishona bure. Akala kutoka mkononi mwangu, akapanda gari, akaketi kiti cha mbele kando yangu na kutoa pua dirishani.

Nikamtafutia cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, tukaanza kurudi. Mpakani afisa wa Zambia alimtazama Waru, akatazama cheti, akanitazama mimi. "Huyu ni mbwa wa kienyeji tu, mama." Nikamjibu kwamba na mimi ni mtu wa kienyeji, agonge muhuri. Akagonga.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea.

Tulisimama Mpika, bado Zambia, kwenye kituo cha petroli. Ilikuwa saa nane mchana, joto la kukausha mate mdomoni. Nimefungua boneti naongeza maji, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Muga?"

Muga! Hiyo ni salamu ya kwetu. Unajua ni siku ngapi nilikuwa sijasikia lugha ya mama yangu? Nikageuka nusura nimwage maji. Alikuwa mwanaume mrefu, wa makamo, amevaa kabuti jeusi refu kama lile la walinzi wa usiku, na hakuwa anatoka jasho. Hilo nililiona, lakini nililiona tu, sikulifikiria. Nikamjibu, "Muga mono!" na nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili. Akaniambia alikuja huko zamani, wakati wa kazi ya reli. Sauti yake ilikuwa sauti ya watu wa kwetu kabisa, na ile furaha ikanipanda kichwani.

Kwetu Meru kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni undugu wa ukoo na ukoo, uliofungwa na wazee wa zamani kwa kiapo. Mtu wa gichiaro yako akikuomba kitu humnyimi. Akitaka mbuzi, unamfungulia mbuzi. Akitaka koti ulilovaa, unavua. Na wewe vile vile, ukimwomba hakunyimi. Anayenyima hukaa muda mfupi tu kabla mambo yake hayajaanza kuharibika, ng'ombe, watoto, akili yake mwenyewe. Nimewaona watu wa namna hiyo, usidhani ni hadithi za kutisha watoto. Kwa hivyo mtu haitwi gichiaro ovyo. Kwanza unamwuliza: wewe ni wa nani? Baba yako ni nani, ukoo gani, mnatoka upande gani? Akishajibu, ndipo unajua kama mnafungwa au hamfungwi.

Mimi sikuuliza hata moja. Nilikata mkate wangu katikati, nikampa nusu, nikasema kwa kinywa changu, "Wewe lazima ni gichiaro yetu! Kuanzia leo mimi na wewe hatunyimani!" Nilisema kwa kuchangamka tu, vile mtu anavyosema akikutana na wa kwao ugenini. Nani kati yenu hangesema?

Hakuula ule mkate. Aliushika tu. Akauliza, "Huyo mbwa ni wa nani?"

"Wa ndugu yangu, marehemu. Nampeleka kwa mama."

"Mama yako anamngoja?"

"Hali chakula kwa kumngoja."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi nitakuomba," akasema. "Lakini si hapa. Gichiaro haiombwi katika nchi ya watu."

Nikacheka, nikainama kufunga kifuniko cha rejeta. Nilipoinuka hakuwepo. Kituo chote kilikuwa kitupu, uwanja wazi pande zote, hakuna hata mti wa kujificha. Nikajiambia watu wa kwetu ni wepesi wa miguu. Eti wepesi wa miguu! Nilipofungua mlango, Waru alikataa kiti cha mbele. Alipita chini, akajibana nyuma ya kiti changu, na kutoka siku hiyo hakukaa mbele tena. Niliona pengine jua linampiga usoni.

Siku nyingi za Tanzania zilipita bila neno. Afisa mmoja wa Tunduma aliniamkia shikamoo, akaniuliza Waru anajua kazi gani. Nikamwambia kazi yake ni kufika. Akacheka, akatupitisha. Tukafika Namanga asubuhi, nikapanga foleni ya pasipoti, na mtu wa mbele yangu akageuka. Kabuti lile lile. Nusu ya mkate mkononi.

Pikapu yangu haikupitwa na basi hata moja tangu Arusha. "Kwani wewe umekuja na nini?" nikamwuliza.

"Nimekuja na wewe, dada."

Afisa akaita, "Anayefuata!" akanitazama mimi, moja kwa moja, kana kwamba mbele yangu hakuna mtu. Na kweli hakukuwa na mtu. Nikapigiwa muhuri. Nirudi wapi? Mama alikuwa anakauka Kibirichia. Niliomba Mungu, nikawasha gari, na nilipotazama kiti cha kando nikakiona kimebonyea katikati. Nikatazama barabara. Kuanzia hapo nilikuwa natazama barabara tu.

Nililala njiani, na siku iliyofuata nikafika Embu jioni kwa rafiki yangu wa sokoni. Asubuhi nikapeleka gari kwa fundi Njeru, ambaye amenitengenezea tangu pikapu ikiwa na rangi. Alikaza mkanda wa feni, akapangusa mikono, akaagiza chai. Ikaletwa vikombe vitatu.

"Cha tatu ni cha nani, Njeru?"

"Si cha mzee wako? Amekaa kwa gari tangu uingie. Mwambie ashuke anyooshe miguu, hapa hatuumi mtu."

"Mzee gani, Njeru?"

Akanyoosha kidole. Halafu akakiteremsha polepole. Alitazama kiti, akanitazama, akamtazama Waru aliyekuwa amejikunja nyuma akitetemeka. Njeru ni Mwembu, mtu wa mzaha sana, lakini siku hiyo hakufanya mzaha. "Mama Pikapu," akasema, "acha gari hapa. Nenda nyumbani na gari ya watu."

"Gari ya watu haibebi mbwa."

"Basi acha mbwa."

"Njeru, nimetoka Zimbabwe na huyu mbwa. Unafikiri nitamwacha Embu?"

Nikanywa chai yangu, nikanywa na ile ya tatu, nikaondoka. Nilikuwa na hofu, sikudanganyi, hofu ya kukojoa. Lakini hasira ilikuwa juu ya hofu. Mimi nikianza kitu nakimaliza.

Ukitoka Embu kwenda Meru, ukishapita Runyenjes, barabara inateremka kwa kona nyingi mpaka mto Thuci. Ng'ambo ya daraja unaanza upande wetu. Nilishuka ile kona ya mwisho gia ya pili, na nilipoingia darajani injini ikazima. Haikukohoa wala kugonga, ilinyamaza tu. Gari likajiviringisha mpaka katikati, likasimama. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Hakuna gari lililokuja mbele wala nyuma, na kwenye barabara ile, mchana, hilo peke yake ni ajabu.

Alikuwa ameketi kando yangu. Nilimwona vizuri sasa, hata vumbi kwenye nyusi. Ule mkate ulikuwa juu ya goti lake, laini kama siku niliyoukata.

"Tumefika kwetu," akasema. "Sasa naomba. Nipe Waru."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. "Wa nini?"

"Nilianguka kutoka kwenye daraja la reli, kule Zambia, na hakuna aliyeandika barua. Baba yangu alikufa akidhani nimemsahau. Mama vile vile. Boma letu sasa ni shamba la mtu mwingine. Nimekaa kando ya ile barabara nikisikiliza kila gari, nikingoja mtu mmoja tu anijibu kwa Kimeru. Huyu mbwa anangojewa. Atakayefika ameshika kamba yake ndiye atakayepokewa. Nataka kupokewa, dada. Hata mara moja."

Nilimhurumia. Nasema ukweli wangu wote leo, nilimhurumia. Lakini niliwaza kile kijiko cha uji. Nikimnyima nimevunja gichiaro niliyoifunga mwenyewe, na balaa litaanzia kwa Kendi. Nikimpa, mama anakufa. Akili yangu ilizunguka, ikazunguka, halafu ikasimama. Nikavuta kamba kutoka nyuma ya kiti, Waru akilia, nikaiweka mkononi mwake. Mkono ulikuwa baridi sana.

"Nimekupa," nikasema. "Ni wako. Na sasa mimi nakuomba wewe, kwa sababu gichiaro inafunga pande zote mbili. Nipe Waru."

Kisha akacheka, kicheko cha mtu wa kawaida kabisa, akanirudishia kamba. "Umeniweza, dada. Haki umeniweza." Nami nikacheka, unaweza kuamini? Tulicheka sote wawili juu ya daraja la Thuci.

Halafu akasema, "Lakini zamu imerudi kwangu."

"Omba."

"Mbwa baki naye. Naomba nafasi ya Kirimi. Kitanda chake, sahani yake, kiti chake karibu na moto, na jina lake mama yako akiita. Wewe ni dada yake, unaweza kutoa."

Hapa nataka uniweke kwenye mizani mwenyewe. Ningeweza kumwomba airudishe ile nafasi hapo hapo. Naye angemwomba Waru tena, nami ningemwomba tena, tungezunguka hivyo mpaka jua lizame, na mama yuko huko anakauka. Niliwaza pia kwamba Kirimi amelala Karoi, nimeona udongo kwa macho yangu, na aliyekufa hahitaji kitanda. Nikajiambia, wacha tufike kwanza. Nikitaka nitaidai siku nyingine, si gichiaro ni ya milele? Nilikuwa mtu wa haraka, na nilitaka kumaliza nilichoanza.

"Nimekupa," nikasema.

Injini ikawaka yenyewe.

Tulifika Kibirichia saa kumi na moja, ukungu ukishuka. Kendi alinikimbilia. Mama alikuwa mlangoni, ameshikilia mwimo, mifupa mitupu ndani ya shuka. Nikamshusha Waru. Mama akapiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa lile sikio lililochanika. Nilingoja alie. Nilitaka alie, tumlilie Kirimi pamoja, tumalize. Lakini aliinua macho, akatazama nyuma yangu, kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi, na uso wake ukafunguka.

"Kirimi!" akasema. "Mbona unasimama kwenye baridi? Ingia, mwanangu."

Kitu kikanipita begani. Kendi alikisikia, alivuta sweta yake shingoni.

Jioni hiyo mama alikula sahani mbili. Akanywa chai. Akaongea mpaka akapitiwa na usingizi, akikielekea kile kiti ambacho mimi nilikiona kitupu. Asubuhi kitanda cha Kirimi kilikuwa kimevurugika, na kikombe kilichoachwa mezani kilikuwa kimenywewa. Ikawa hivyo kila siku. Mama akanenepa, akarudi shambani, akaanza kuimba. Majirani wakasema nimeokoa maisha yake kwa mbwa. Mjomba wa Ruiri alikuja kuona muujiza, akajitupa kwenye kile kiti, na akaruka juu akishika makalio yake. Hakusema kilichompata. Alikunywa chai yake amesimama, akakumbuka ng'ombe wake, akaenda.

Na mimi? Nilijizoesha. Nilijiambia mama yuko hai, kazi imekwisha. Waru peke yake hakukubali. Alilala nje, jikoni, na hakuingia nyumba kubwa hata mvua inyeshe vipi.

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye, nilikuwa natoka kukamua, ndoo mkononi, jua likiwa bado halijazama. Waru aliinua kichwa. Akasimama. Kisha akakimbia kwenda getini, na sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia kwa mbwa yeyote, ilikuwa kama mtoto anayelia na kucheka pamoja. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka ile ya mbele juu ya hewa, mbele ya geti, na ikakaa hapo. Ikakaa, nakuambia. Ilikuwa imeegemea kifua cha mtu. Akalamba, akanusa, mkia ukimyumbisha mwili mzima.

Nilijua ni nani. Nilipiga hesabu ile njia yote, Karoi, Zambezi, Mpika, Mbeya, Namanga, kwa miguu, bila gari, bila mtu wa kumwuliza, na nikajua ndiyo kwanza anafika. Ndugu yangu alikuwa amekuja nyumbani kama alivyoandika kila Krismasi.

Ndoo ikaanguka. Nikafungua geti kwa nguvu. "Kirimi!" nikasema. "Kirimi, ingia! Ingia, baba!"

Nyuma yangu, ndani ya nyumba, mwanaume akakohoa. Na mama akaita kwa sauti ya raha, sauti ya mtu aliyeshiba, "Funga geti, wewe, baridi inaingia. Sisi wote tuko ndani."

Miguu ya Waru ikashuka chini. Alitazama nyumba, akanitazama mimi. Kisha akatoka, akaishika njia ya kwenda Meru, akitembea kando ya barabara vile mbwa anavyotembea karibu na mguu wa mtu. Nilimfuata mpaka pumzi ikaniisha. Hakugeuka hata mara moja, na hatukumwona tena.

Niliingia ndani nimelowa maziwa. Mama alikuwa amekwenda chumbani. Nikasimama mbele ya kile kiti, nikasema, "Mimi na wewe ni gichiaro. Naomba unirudishie nafasi ya ndugu yangu."

Alinijibu kwa upole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Gichiaro ni ya watu wa boma tofauti," akasema. "Mama yako amenipokea, nimekula sahani yenu, naitwa kwa jina lenu. Sisi si gichiaro tena, dada. Mimi ni ndugu yako."

Na alikuwa na haki. Nimewauliza wazee waliobaki, wote wanasema alikuwa na haki. Ndugu na ndugu hunyimana kila siku, na hakuna balaa lolote.

Mama aliishi miaka mingine minne, akafa akitabasamu, akimwita Kirimi ambaye si Kirimi. Yule mwingine sijui alikwenda naye au bado yuko. Ile nyumba nimeifunga, silali humo, ingawa moshi wakati mwingine nauona. Geti nililing'oa siku ile ile, kwa mikono yangu, nguzo na yote. Wezi wameniibia kuku mara mbili, na sijali. Kila mwaka napanda gari, naenda mpaka Thuci, nashuka polepole dirisha likiwa wazi, naita jina lake na jina la mbwa, na kiti cha kando nakiacha bila mzigo. Nimejenga chumba kipya nyuma ya jiko, nimeweka kitanda. Nitaendelea kwenda mpaka siku nitakayoshindwa kukanyaga klachi.

Kwa hivyo wewe unayesafiri, nisikilize. Utakuwa mbali, utakuwa umechoka kusemeshwa lugha za watu, na mtu atakusalimia nyuma yako kwa lugha ya mama yako. Mjibu, usikatae salamu. Lakini usimpe mkono, usimkatie mkate, usimwite wako, mpaka umwulize: wewe ni wa nani? Na akinyamaza, washa gari uende. Usimhurumie. Mimi nilimhurumia, na ndugu yangu yuko nje.